Faiba, mnara au setilaiti: nani hutangulizwa mtandao unapojaa?

Mtu anayetafuta intaneti ya nyumbani Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi huanza kwa kulinganisha namba mbili zilizoandikwa kwa herufi kubwa katika tangazo: megabiti kwa sekunde na bei ya mwezi. Namba hizo si uongo, ila zinaeleza mtandao ulivyo barabara ikiwa nyeupe. Hazisemi lolote kuhusu kipindi cha saa mbili hadi saa tano usiku, wakati watu wamesharudi makwao, watoto wanatazama katuni, jirani anafuatilia mpira na mwingine anazungumza kwa video na dada yake aliyeko Muscat. Katika saa hizo kampuni hulazimika kuamua pakiti (yaani vipande vidogo vya data) za nani zipite, za nani zisubiri na za nani zitupwe, na uamuzi huo, ambao mteja haonyeshwi, hutofautisha huduma moja na nyingine kuliko namba ya kwenye tangazo. Kwa sababu hiyo ulinganisho ufuatao unaiacha kasi pembeni na kuitazama foleni: inajengeka wapi katika faiba, katika mnara wa simu na katika setilaiti, na kampuni hutumia kanuni gani kuwapanga waliomo.

Niseme mapema kwamba kuuza uwezo mmoja kwa watu wengi si wizi. Hakuna kampuni popote inayojenga njia ya kumtosheleza kila mteja kwa sekunde moja, kama vile hakuna mamlaka ya maji inayotarajia mabomba yote ya mji yafunguliwe pamoja. La kuuliza ni watu wangapi wamewekwa kwenye bomba moja, na maji yakipungua nani anafungiwa kwanza.

Faiba mbele ya mnara

Faiba ya nyumbani iliyoenea katika miji yetu, ambayo mafundi huiita GPON, hutumia uzi mmoja wa kioo unaotoka kituoni, ukafika kwenye kigawanyi kisichohitaji umeme, kisha ukatawanyika kwenda nyumba 32 au 64. Uzi huo hubeba takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde kuelekea kwa wateja na gigabiti 1.25 kurudi kituoni. Hesabu yake ni nyepesi: nyumba 32 zikivuta zote kwa pamoja bila hata moja kupumzika, jambo ambalo katika maisha ya kawaida halitokei, kila moja itapata karibu megabiti 78. Aliyenunua kifurushi cha megabiti 20 hawezi kuugusa ukuta huo hata majirani wafanye nini.

Katika njia ya kurudi, mtambo wa kituoni ndio unaogawa zamu. Kila kifaa cha nyumbani huomba nafasi na kupewa kipande kidogo cha muda wa kutuma, ili sauti zisigongane ndani ya uzi mmoja. Mfumo unairuhusu kampuni kumwekea mteja mmoja kiasi kisichoguswa na mtu, kumwahidi mwingine kiasi fulani kila atakapokihitaji, na kumwachia wa tatu makombo yanayobaki. Mteja anayeshangaa kwa nini kifurushi cha ofisi chenye megabiti zilezile kinauzwa kwa bei ya juu sana kuliko cha nyumbani aelewe kwamba kinachouzwa pale, mbali na huduma ya haraka ya fundi, mara nyingi ni nafasi ya mbele katika zamu hizo na idadi ndogo ya watu wa kugawana nao.

Basi faiba inapokwama usiku, tatizo kwa kawaida halimo katika uzi unaoingia nyumbani bali nyuma ya kituo: kwenye njia inayounganisha mtaa na mji, au kwenye uwezo wa kimataifa ambao kampuni imeununua kwenye nyaya za baharini. Tofauti kati ya kampuni mbili zenye faiba ya aina moja huonekana huko. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja katika bahari ya Afrika Kusini, na watumiaji wa Tanzania, Kenya na nchi jirani wakaona intaneti ikizorota kwa siku kadhaa. Kampuni iliyokuwa na njia ya akiba kupitia waya mwingine iliteseka kidogo. Iliyotegemea njia moja ilibaki na uwezo mchache wa kugawa kwa wateja walewale. Tena, video na picha nyingi zinazotazamwa na watu wengi huhifadhiwa kwenye seva zilizowekwa ndani ya nchi, au ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe, kiasi kwamba YouTube inaweza kwenda vizuri wakati barua pepe ya ofisi iliyoko Ulaya inakwama. Anayepima kasi kwa seva iliyoko mjini kwake anaipima nusu tu ya safari.

Intaneti ya mnara, yaani ruta ya 4G au 5G yenye laini ndani, haifanani na hiyo hata kidogo. Foleni yake huanzia hewani, mlangoni kwako. Mnara wa 4G kwa kawaida hugawanywa pande tatu, na upande mmoja unaotumia upana wa masafa wa megahezi 20 kwa antena mbili una kilele cha megabiti 150 kwa sekunde katika mazingira bora kabisa, ambayo mtaani hayapatikani mara nyingi. Kiasi hicho ni cha watu wote wa upande huo: ruta yako, ruta za majirani, na simu za abiria wote waliokwama kwenye foleni ya magari chini ya dirisha lako. Isitoshe, mtu aliye mbali na mnara au nyuma ya ukuta mnene hupokea data polepole, kwa hiyo megabaiti yake moja hula muda mwingi wa hewa kuliko megabaiti ya aliye karibu. Mnara humwangalia kila mmoja ana mawimbi mazuri kiasi gani wakati huo na amehudumiwa kiasi gani karibuni, kisha huamua nani afuate. Uamuzi huo hurudiwa karibu mara elfu moja kila sekunde. 5G huongeza upana wa barabara, wakati mwingine mara nyingi zaidi, lakini kanuni ya kugawana hewa inabaki palepale.

Mbali na hayo kuna vyeo. Katika 4G kila mkondo wa data hubeba namba ya daraja inayouambia mnara uutendee vipi. Simu ya sauti inayopita juu ya 4G hupewa daraja la 1, na intaneti ya mwananchi wa kawaida mara nyingi huwa daraja la 9, la chini kabisa katika orodha ya msingi. Kampuni inaweza kumpandisha mteja aliyelipa zaidi, na inaweza vilevile kuishusha ruta ya nyumbani chini ya simu za mkononi. T-Mobile, kampuni ya simu ya Marekani, inalitamka hilo waziwazi katika masharti yake: msongamano unapotokea, wateja wa intaneti ya nyumbani hupangwa nyuma ya wateja wa simu, na waliovuka terabaiti 1.2 kwa mwezi hupangwa nyuma zaidi. Mantiki yake si mbaya, kwa kuwa mnara ulijengwa kwanza kwa ajili ya simu na ruta ya nyumbani huuziwa uwezo uliobaki. Lakini mnunuzi anayeambiwa kwamba ruta ya mnara ni sawa na faiba, isipokuwa haina waya, anauziwa kitu kingine.

Bando la usiku, ambalo karibu kila mtu amewahi kulinunua, nalo ni chombo cha kusimamia msongamano, na huenda ndicho cha kiungwana kuliko vyote. Halimkatazi mtu chochote. Linashusha bei baada ya saa sita usiku ili mwenye mafaili makubwa ahame kwa hiari yake kutoka saa za foleni kwenda saa ambazo mnara umelala.

Setilaiti

Setilaiti za zamani zilizotulia juu ya ikweta ziko umbali wa kilomita 35,786, na safari ya data kwenda na kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde hata pasipokuwa na foleni yoyote. Za Starlink huzunguka katika urefu wa takriban kilomita 550, kwa hiyo ucheleweshaji huo umekwisha. Kilichobaki ni ugawaji. Setilaiti huelekeza mwale wake kwenye eneo fulani la ardhi, na wote wenye dishi katika eneo hilo hugawana uwezo wake, wawe kumi au elfu kumi. Ndiyo maana huduma hiyo hung'aa pale ambapo watu ni wachache na hupata taabu mijini. Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti zinazouzunguka mji huo kwa sababu uwezo wa eneo ulikuwa umejaa. Wengi waliliona tukio hilo kama aibu. Mimi naliona kama uaminifu wa aina fulani, kwa sababu kampuni iliyojaa ikaendelea kuuza tu ingewaumiza waliokwisha kulipa.

Upande wa vyeo, Starlink inauza nafasi za foleni bila kuzificha sana. Kifurushi cha nyumbani cha kawaida kiko juu ya kile chepesi kiitwacho Residential Lite, ambacho ni cha bei nafuu kwa sababu hushushwa wakati wa msongamano. Kile cha kusafiri nacho, Roam, kiko chini ya cha nyumbani. Na wafanyabiashara hununua kiasi cha data chenye kipaumbele juu ya wote. Anayeishi shambani Njombe au Turkana, pale huduma inaporuhusiwa na dishi za jirani ni chache, hatauona ushushwaji huo, kwa hiyo kifurushi chepesi kinaweza kumtosha kabisa. Anayeishi katikati ya mji atauona kila jioni.

Kanuni: kikomo cha mwezi, uteuzi wa programu, na zamu

Kesi iliyoziweka kanuni hizi uchi ni ya Comcast, kampuni kubwa ya intaneti ya nyumbani nchini Marekani. Mwaka 2007 mtaalamu wa mitandao aitwaye Robb Topolski alikuwa akijaribu kuwagawia wengine rekodi za zamani za nyimbo za kwaya za wanaume kwa njia ya BitTorrent, mfumo wa watu kugawiana mafaili kutoka kompyuta hadi kompyuta, na kila mara mawasiliano yake yalikatika bila sababu. Alipochunguza pakiti zenyewe aligundua kwamba mtambo wa kampuni ulikuwa ukijipenyeza katikati ya mazungumzo na kutuma, kwa jina la kompyuta ya upande wa pili, ujumbe wa bandia wa kukata. Shirika la habari la Associated Press lilijaribu jambo hilohilo Oktoba mwaka huo kwa kutuma Biblia ya King James, ambayo hakuna anayeweza kusema ni mali ya wizi, nayo ikakatwa. Agosti 2008 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, iliiamuru kampuni iache. Aprili 2010 mahakama ya rufaa ilitengua amri hiyo kwa kusema tume haikuwa na mamlaka, lakini kufikia wakati huo Comcast ilikuwa imeshabadilisha mfumo wake tangu mwisho wa 2008.

Mfumo mpya unastahili kuangaliwa kwa makini, maana umeelezwa hadharani katika hati ya kiufundi ya Desemba 2010, RFC 6057, jambo ambalo kampuni chache hulifanya. Haukuuliza mteja anatumia programu gani. Uliuliza maswali mawili kila baada ya dakika 15. La kwanza: je, njia ya mtaa huu imekaribia kujaa, yaani imetumika kwa zaidi ya asilimia 80 upande wa kupakua au asilimia 70 upande wa kupakia? Jibu likiwa hapana, hakuna anayeguswa hata kama amepakua usiku kucha. Likiwa ndiyo, swali la pili: nani ametumia zaidi ya asilimia 70 ya kasi aliyonunua kwa dakika zote hizo 15? Huyo pakiti zake zilipewa daraja la chini kwa muda, na matumizi yake yaliposhuka chini ya asilimia 50 alirudishwa juu. Hakukatwa wala hakuwekewa kasi maalumu. Aliombwa tu awapishe wenzake pale ambapo kupisha kulihitajika.

Kinachochekesha ni kwamba Oktoba 2008 kampuni hiyohiyo iliweka pia kikomo cha gigabaiti 250 kwa mwezi. Zana mbili zilikaa pamoja katika nyumba moja, na tofauti yake ndiyo ninayotaka msomaji aishike anaposoma masharti ya mkataba wake. Msongamano ni jambo la dakika, si la mwezi. Sera inayoitwa ya matumizi ya haki, ile inayosema kwamba baada ya gigabaiti kadhaa kasi itashushwa hadi megabiti 1 mpaka mwezi uishe, hufanya kazi hata saa tisa usiku njia ikiwa tupu, na haimgusi kabisa mtu anayebana mtaa mzima kila saa mbili usiku lakini hajafikisha kikomo. Sera hiyo inapanga bei, na kampuni ina haki ya kupanga bei. Isiitwe tu usimamizi wa msongamano. Mnunuzi akiwekewa vifurushi viwili vya bei moja, kimoja kina kikomo kigumu cha mwezi na kingine kinamshusha daraja wakati wa msongamano tu, cha pili humfaa karibu kila mtu isipokuwa yule anayehitaji intaneti jioni peke yake na kwa kiasi kidogo.

Kuteua programu, kwa mfano kuzibana video zisizidi ubora fulani au kuipitisha WhatsApp bure huku vingine vikilipiwa, nako kuna watetezi wake, kwani video ndiyo inayojaza njia. Umoja wa Ulaya uliruhusu katika kanuni yake ya mwaka 2015 usimamizi wa mtandao ulio wa busara, ila kwa sharti kwamba uwe wazi, usibague na usizidi mahitaji ya kiufundi. Mnunuzi wa kwetu anaweza kujipimia mwenyewe: video ikikwama, awashe VPN, programu inayoificha data ili kampuni isione ni ya nini, na kuitazama tena palepale. Ikiwa inaenda vizuri zaidi ndani ya VPN, kuna uwezekano mkubwa kwamba kampuni inaichuja, au inaipitisha njia mbaya.

Foleni iliyo ndani ya nyumba

Kabla ya kuhama kampuni, afadhali mtu aangalie ruta yake. Mimi niliwahi kulaumu huduma yangu kwa miezi miwili kwa sababu simu za video zilikatika kila jioni, hadi nilipogundua kwamba simu ya mtoto ilikuwa ikipakia picha zote za siku kila inapochomekwa kwenye chaji. Njia ya kupakia ilikuwa nyembamba, na ruta ilizipanga pakiti zote katika foleni moja ndefu, sauti yangu ikiwa nyuma ya picha mia tatu.

Sababu yake ni ya zamani. Tangu kazi ya mtafiti wa mitandao Van Jacobson ya mwaka 1988, kompyuta hutambua msongamano kwa kuona pakiti zimetupwa, kisha hupunguza mwendo. Ruta yenye kumbukumbu kubwa kupita kiasi haitupi; hulimbikiza, na ishara ya kupunguza mwendo huchelewa kufika. Dawa ipo: mbinu kama FQ-CoDel hutenganisha mikondo na kutupa pakiti chache mapema, ili mwenye kiasi kidogo asikwame nyuma ya mwenye mzigo. Wakati wa korona Comcast ililinganisha modemu zake zenye mbinu ya aina hiyo na zisizo nayo, na ucheleweshaji wakati wa kupakia ukashuka kutoka zaidi ya milisekunde 250 hadi kati ya 15 na 30, kwa kasi ileile na bei ileile. Ruta inayokubali mpangilio huo, ikawekewa ukomo wa takriban asilimia 90 ya kasi halisi ya laini, inaweza kumsaidia mtu kuliko kununua kifurushi cha juu.

Namna ya kuchagua

Kwa nyumba iliyoko mahali faiba imefika, yenye mtu anayefanya kazi kwa simu za video, ningechukua faiba ya kasi ndogo kabla ya ruta ya mnara yenye kasi kubwa kwenye karatasi, kwa kuwa faiba hiyo ina kilele cha chini lakini sakafu yake iko juu. Mpangaji anayehama kila baada ya miezi michache, au anayeishi karibu na mnara wenye watu wachache, hana sababu ya kulipia ufungaji wa faiba. Bando la mnara linamtosha, hasa akijizoeza kupakua mafaili makubwa usiku. Shule ya kijijini au nyumba ya wageni mbali na mji itapata setilaiti bora kuliko vyote viwili, mradi eneo lisijae.

Kabla ya kusaini, jirani anayetumia kampuni hiyohiyo ana taarifa nzuri kuliko muuzaji. Mwombe upime kwake mara mbili, saa kumi alfajiri na saa tatu usiku, kwa seva ya nchini na kwa seva ya Ulaya, na uangalie muda wa kwenda na kurudi huku mtu mwingine akipakia video. Dukani uliza maswali matatu na uombe majibu ya maandishi: kikomo cha mwezi ni kipi na kasi inashuka hadi ngapi, wakati wa msongamano kifurushi hiki kinapangwa nyuma ya kipi, na kampuni inatumia nyaya ngapi za baharini. Nchini Marekani makampuni makubwa yanalazimika tangu Aprili 2024 kuonyesha kikomo cha data cha mwezi, pamoja na kiungo cha sera yao ya kusimamia mtandao, kwenye kibandiko kinachofanana na kile cha lishe kwenye pakiti ya chakula. Huku kwetu mhudumu wa dukani huenda akatabasamu na kurudia kasi iliyo kwenye tangazo. Hapo omba mkataba mzima, si kipeperushi, na usome kifungu cha matumizi ya haki kwanza.

Mwenye kazi isiyoweza kusimama, kwa mfano daktari anayehudumia wagonjwa kwa mbali, atahitaji njia mbili, na hapo kosa la kawaida ni kununua faiba na laini ya mnara kutoka kampuni moja. Njia hizo hutengana mtaani na kukutana tena kituoni, na siku waya wa baharini ukikatika zote mbili zitajikuta katika foleni moja.